Mgongo wa Kochi

Mvule haupendi msumeno wa kuazima, na msumeno aliouazima Katunge ulikuwa na meno ya kizee. Alikata akapumzika, akakata akanywa maji, mlango wa chumba cha kulala umefungwa na redio imefunguliwa juu ili majirani wa Mumbuni wasijiulize kinakwaruzwa nini humo ndani. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la mafuta, na ndani yake kijana mmoja wa video alionyesha jinsi ya kugeuza kitanda kikuukuu kuwa kochi, akichekacheka kama mtu anayekata keki. Katunge alitamani kumzaba kofi.

Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi. Walikuwa watu wa Kyalo, mchumba wa binti yake Ndunge, na walikuwa wanaleta mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba mbuzi hao wakifika, na mmoja akachinjwa, na nyama ikaliwa na pande zote mbili, basi binti amekuwa mke wa mtu. Bila ntheo hakuna ndoa. Hata mchungaji alikuwa amekataa kusoma majina yao kanisani kabla ya siku hiyo. Na Ndunge hakuwa na nafasi ya kusubiri, maana tumbo lilikuwa limeanza kujisemea lenyewe. Watu wa Kyalo walishaahirisha mara moja kwa ajili ya msiba. Wakiondoka na kinyongo safari hii, mtoto angezaliwa bila kwao.

Na nyumba haikuwa na mahali pa kumkalisha mgeni.

Si kwamba makochi hayakuwahi kuwepo. Yalikuwepo, seti nzima, mpaka mumewe Bartholomew, mwenye nyumba, alipokuja na pikapu na kusema anayapeleka kwa fundi huko Konza, anakofanya kazi ya kusimamia ranchi, yabadilishwe sponji. Yatarudi kama mapya, alisema. Kiangazi kikaja kikaenda, mvua ikanyesha, mahindi yakavunwa, na fundi huyo akawa bado anatafuta sponji. Kisha siku moja mwanamke wa chama akamwonyesha Katunge picha kwenye simu, sherehe ya mtoto wa mtu huko Konza, akisifu keki ilivyopambwa. Katunge hakuiona keki. Aliona makochi yake. Aliona vitambaa alivyovifuma kwa mkono wake vimetandikwa juu, na Bartholomew amekaa katikati na fulana, bila viatu, kama mtu aliye kwake. Akasema kweli keki imependeza.

Hivyo ndivyo wanawake wetu wanavyofanya, na mimi mpaka leo sijui kama ni nguvu au ni ugonjwa.

Hakumwambia mtu ila Ndunge. Bartholomew aliendelea kuja mara mojamoja, mchana, anakunywa chai, anauliza habari za shamba, anaondoka kabla jua halijashuka kwa sababu ng'ombe wa ranchi, alisema, hawajui sikukuu. Majirani walimjua kuwa mume aliye kazini. Dada mkubwa wa Bartholomew, Kasiva, alimtaja kwenye kila harusi kama mfano wa kuigwa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Katunge alikuwa amehamia chumba cha Ndunge, mwanzoni akisingizia baridi. Kitanda kikubwa kikabaki kinalaliwa na gunia la mahindi na nguo zinazongoja pasi. Kilikuwa kitanda cha heshima. Fundi wa Wamunyu alikuwa amechonga kanga wawili kwenye ubao wa kichwani, wanatazamana mdomo kwa mdomo, mmoja mdomo wake umevunjika ncha. Ulivunjika siku ya arusi kitanda kilipokwama mlangoni, na Kasiva mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika upande ule.

Katikati ya kukata, Katunge aliusimamisha msumeno. Kitu kilikuwa kimemjia akilini, na kilimjia kwa ubaridi. Kuna nthoni. Mkamba yeyote anaijua nthoni, ile aibu yenye heshima iliyo kati ya mkwe na mama mkwe. Hawaangaliani machoni, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Chumba cha kulala cha mama mkwe, mkwe hakiingii. Kitanda chake hata kukitaja hakitaji, sembuse kukikalia. Aliyekikalia, hata kwa bahati mbaya, ameharibu kitu ambacho hakirudi kwa kuomba radhi tu.

Aliwaza, msumeno mkononi. Kitanda kilichokatwa ni mbao. Na tena, kochi lenyewe atalisukuma sebuleni ukutani, walikalie kina mama wa upande ule. Kyalo atakaa nje hemani na wanaume, kwenye kiti cha plastiki kama wengine. Nani atajua? Moyo ulitulia, au karibu utulie, akaendelea kukata.

*

Duka la Rahmo lilikuwa mjini, nyuma ya soko, limejaa vitambaa mpaka darini. Rahmo alikuwa mama wa Kisomali mwenye maneno machache na mkasi mkubwa, na alikuwa amewauzia wanawake wa Machakos mapazia tangu Ndunge hajazaliwa. Alimsikiliza Katunge, akachomoa mwisho wa roli ya mahameli ya kijani ambayo mwenye nayo hakurudi kuichukua, akaipima kwa mkono.

"Itatosha kiti, na mikono, na mbele," alisema. "Mgongo hapana. Mgongo itabaki mbao."

"Mgongo utaangalia ukuta," Katunge alimjibu. "Ukuta haina macho."

Rahmo akamwachia kwa bei ya kumaliza roli, akamwazima na mashine ya stepo ya mwanawe, ya kupigilia kitambaa kwenye mbao.

Kazi ilimpa Katunge raha ambayo hakuitegemea. Ubao wa miguuni aliugawa mara mbili ukawa mikono ya kochi. Mbao za pembeni zikawa fremu, chaga zikawa za kubebea kiti. Juu ya chaga alivuta vipande vya mpira wa ndani wa tairi, akavipigilia huku amevikanyaga kwa mguu ili vikaze, na alipovipiga kwa kiganja vililia kama ngoma. Godoro alilikata kwa kisu cha mkate. Juu yake gunia, juu ya gunia mahameli, akiivuta kutoka katikati kwenda pembeni kama alivyofundishwa na yule kijana wa kuchekacheka, ambaye sasa alikuwa amemsamehe. Ubao wa kichwani ndio uliokuwa mgongo. Upande wenye kanga ulikuwa na manundu, sponji haikukaa vizuri juu yake, kwa hiyo aliugeuza, sehemu laini ikaja mbele na kanga wakaenda nyuma. Aliwafuta vumbi kwa kitambaa kabla hajawageuzia ukutani.

Ndunge aliporudi kutoka kazini alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Aliliangalia kochi, akaenda akafungua chumba kile kingine, akaona sakafu, gunia la mahindi na vumbi la mbao.

"Mum, umekata kitanda."

"Kaa uone."

Ndunge alikaa. Kochi lilimpokea, likamshusha kidogo, likamshika. Mkono wake ukaenda tumboni.

"Na mtu akiuliza?"

"Nani ataingia chumba yangu kuuliza?" alisema Katunge.

*

Jumamosi Bartholomew alifika mapema, na suti ya kahawia na viatu vya kung'aa, akawasalimia vijana waliokuwa wakisimamisha hema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Alipoingia sebuleni alisimama. Alilizunguka kochi kwa macho, akalikandamiza kwa kidole, akakaa, akaegemea, akauliza kwa nini mtu ananunua kochi bila kumwambia mwenye nyumba.

Katunge alimwambia hakununua, ametengeneza. Alimwambia akimtazama usoni, na alingoja. Alingoja macho yale yashuke kwenye mguu wa mbao, mguu aliokuwa akijigonga nao kidole kila asubuhi akitafuta viatu. Bartholomew alisema ni kazi nzuri, akaomba chai.

Hakulijua. Mwanamume alikuwa amekilalia kitanda hicho mpaka nywele zikaanza kuota mvi, na sasa amekikalia anakunywa chai na hakijui. Katunge alirudi jikoni akaketi juu ya mtungi wa gesi, na ilimchukua muda kukumbuka alikuwa anataka kukata kitunguu.

Kasiva naye akafika, leso kiunoni, akaanza kupanga watu kama sajini. Ndunge alipelekwa kwa jirani na wasichana wenzake, akae huko mpaka atakapoitwa. Katunge alibaki jikoni, ndipo mahali pake siku hiyo, maana mkwe angekuwa uani na si vizuri wakutane ana kwa ana.

Wageni walikuja wengi kuliko walivyotangaza, kama kawaida ya wageni wa ntheo. Mbuzi walifungwa kwenye mti wa miiba kando ya lango. Msemaji wao alikuwa mjomba wa Kyalo aitwaye Masila, mchuuzi wa ng'ombe, mzee mnene mwenye nyonga mbovu iliyomfanya atembee kwa kuyumba. Jua lilikuwa kali, sebule ilikuwa ndogo, na wote wakataka kukaa hemani. Viti vya plastiki vikaanza kuhesabika kwa macho. Masila alikishika kimoja, akakitikisa, akakitazama kwa wasiwasi wa mtu aliyewahi kuangushwa.

Ndipo Bartholomew akapata nafasi yake. "Leteni kochi," aliwaambia vijana. "Mkwe wangu hawezi kaa kwa plastiki na mimi niko na kochi."

Katunge aliliona likitoka. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni na mwiko mkononi, akaliona likivuka uani juu ya mabega ya vijana, kijani chake kikiwaka juani, likatuliwa chini ya hema kati ya wanaume na wanawake, mgongo wake ukiwatazama wanawake. Alipiga hatua moja akasimama. Kyalo alikuwa pale pale, hatua chache, kijana mrefu mwenye shati jeupe. Nthoni ileile iliyomtaka amzuie mkwe asikalie kitanda chake ndiyo iliyomkataza kutoka akamzuie.

Alimtuma msichana amwambie baba Ndunge kochi lirudishwe ndani, au angalau kina mama ndio walikalie. Msichana alimnong'oneza Bartholomew sikioni. Bartholomew akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Kisha akamshika Kyalo bega, akamkalisha katikati ya kochi, na Masila akajishusha pembeni yake akitoa pumzi ndefu ya raha.

Mwiko ulimdondoka Katunge. Aliuokota, akausuuza, hakujua aufanyie nini.

*

Mambo yalianza vizuri. Salamu zikatolewa, sala ikaombwa, Masila akasema maneno ya kuzunguka kuhusu ndama aliyepotelea boma hili, watu wakacheka. Kasiva alikuwa akinawisha wageni mikono, beseni mkono mmoja na jagi mwingine. Alimaliza safu ya wanaume, akapita nyuma ya kochi kwenda kwa wanawake, akainama kumnawisha mzee mmoja wa kike aliyekuwa amekaa mwanzo wa safu.

Hapo akawaona kanga.

Maji yaliendelea kumwagika. Yalipita mikono ya yule bibi, yakapita beseni, yakamwingia kwenye viatu, na bibi akavuta miguu yake akimtazama Kasiva usoni. Kasiva alikuwa ameganda. Aliweka jagi chini, akanyoosha kidole, akagusa ule mdomo uliovunjika ncha.

"Bartholomew," alisema polepole. "Hii ni kitanda yako."

Bartholomew alicheka, akamwambia dada yake jua limempiga. Hakuna aliyecheka naye. Akainuka kuja kuona, bado tabasamu liko mdomoni, akazunguka mgongo wa kochi, na wote walimwona alipowaona kanga. Tabasamu lilimkaa vivyo hivyo, lakini uso chini yake ulikuwa umebadilika rangi.

Kyalo alikuwa ameshasimama. Aliruka kama aliyekalia siafu, akarudi nyuma mpaka akagonga nguzo ya hema, na hema lote likatikisika. Alikuwa kijana wa kazi ya kompyuta, anaishi kwenye fleti ya kukodi Mlolongo, anacheka mambo ya wazee. Sasa alikuwa akijifuta suruali kwa viganja vyote viwili bila kujua anafanya hivyo.

"Mkwe amekalia kitanda ya mama mkwe," Kasiva alisema. Alisema kwa mshangao zaidi kuliko hasira, kama anayetangaza kifo cha mtu aliyemwacha mzima asubuhi. Wanawake walifunika midomo kwa leso. Wanaume wakainuka mmoja baada ya mwingine, na viti vya plastiki vikaanguka, hakuna aliyeviokota. Mwanamume mmoja wa upande wa Kyalo akaanza kutembea kuelekea kwenye mbuzi. Alipofika akashika kamba, hakuifungua, lakini aliishika.

Kule jikoni Katunge aliona mkono ule kwenye kamba. Hakuona kitu kingine.

Bartholomew alijaribu. Alisema kwa sauti ya ukarimu kwamba jamani, hii ni kitanda ya zamani, ilishatolewa kazi. Yule bibi mwenye viatu vilivyolowa akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

"Kama kitanda ndiyo hii, sasa nyinyi mnalala wapi?"

"Tulinunua ingine," alisema Bartholomew. "Kubwa kuliko hii."

Mambo yangeweza kuishia hapo, na uongo ungekuwa umeokoa watu kama unavyowaokoa kila siku. Kwa sababu kama kuna kitanda kipya, hiki cha zamani kweli ni mbao, na nthoni haikuvunjika. Nyuso zilianza kulegea. Lakini Kasiva alikuwa mtu wa kufuata jambo mpaka mwisho, na alimpenda ndugu yake, na alitaka asafishike mbele ya wageni. Akasema vizuri, yeye ni dada wa mwenye nyumba, hana nthoni na chumba hicho, ataenda akione hicho kipya kwa macho yake, wageni waridhike.

Aliingia ndani. Watu wakangoja wamesimama. Bartholomew alitoa kitambaa akajifuta shingo.

Kasiva alipotoka alikuwa anatembea taratibu, kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa. Alikuwa ameona sakafu, gunia la mahindi, na msumari wa ukutani usio na koti. Alimtazama ndugu yake. Mwanamke huyo ambaye hakuwahi kukosa neno kwenye harusi alilikosa.

Kamba ya mbuzi ilianza kufunguliwa.

*

Katunge alivuta leso akajifunika kichwa mpaka kwenye paji la uso, akatoka. Hakuenda hemani. Alisimama kando ya ukuta wa jikoni, akawapa watu wote mgongo, akaukabili ukuta. Sauti iliyotoka hakuijua. Haikuwa kubwa, lakini uani hapo hata mbuzi walikuwa wamenyamaza.

"Naongea na ukuta," alisema. "Siongei na mkwe. Hakuna kitanda ingine. Hiyo ni yangu, na ni mimi nilikata na msumeno. Lakini kitanda ni ya watu wawili. Mmoja akihama, inabaki ya mmoja. Na huyo mmoja akihama, inabaki mbao. Mimi nimekata mbao."

Bartholomew alisema, "Mama Ndunge," kwa sauti ya chini ya kuonya.

"Makochi ya hii nyumba iko Konza," Katunge aliuambia ukuta. "Na kitanda ya baba Ndunge iko huko huko. Yule mwenye anataka kujua kama mkwe amevunja nthoni, aende aulize mama wa huko. Mkwe hapa hajakalia kitanda ya mtu. Hiyo tu. Msifungue mbuzi ya mtoto wangu."

Hakugeuka. Alibaki ameukabili ukuta, mikono yake imeshika leso chini ya kidevu.

Nimeona watu wakitangaziwa vifo, nimeona watu wakitangaziwa kufutwa kazi, lakini uso wa Kasiva siku hiyo sijaona mfano wake. Mwaka baada ya mwaka alikuwa amemsifu mtu huyu, na aliyemvua nguo mbele ya wakwe ni yeye mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, kwa kutaka kumsafisha. Alikaa chini, pale pale kwenye maji aliyoyamwaga. Watu wa Kyalo walitazamana. Hakuna mila iliyokuwa imewaambia wafanye nini.

Aliyesema ni Masila, na alisema akiwa amekaa. Ndipo watu wakatambua kwamba mzee huyo hakuwa ameinuka hata kidogo, tangu mwanzo.

"Mimi nyonga yangu ilikataa kuamka," alisema. "Kwa hivyo nimesikia yote nikiwa juu ya hii kitu. Mama amesema ni mbao. Mimi sikujia kitanda ya mtu hapa. Nilijia msichana." Akamgeukia yule wa kamba, akamwambia afunge mbuzi. Kisha akapiga mahali patupu kando yake. "Kyalo, kaa."

Kyalo hakukaa. Si kwamba alikaidi, miguu ndiyo iliyokataa. Alimtazama Kasiva kule chini, kwa sababu yeye ndiye aliyelitamka, na lililotamkwa na mkubwa, mdogo halifuti.

Kasiva aliinuka kwa kushika mgongo wa kochi, mkono wake juu ya kanga. Alifungua leso kiunoni, akaikung'uta, akaitandaza juu ya mahameli kwa uangalifu, akanyoosha pembe zote kama anayetandikia mgonjwa.

"Hii ni yangu," alimwambia Kyalo. "Na mimi si mama mkwe yako. Kaa."

Kyalo akakaa ukingoni.

*

Mbuzi alichinjwa, nyama ikaliwa. Ndunge aliitwa kutoka kwa jirani, na kabla hajafika hemani alishajua kuna kitu, kwa jinsi wanawake walivyomshika mikono kama aliyefiwa. Alipoulizwa mbele ya wote kama nyama hii iliwe, alijibu iliwe, kwa sauti ambayo haikufika safu ya nyuma. Maneno ya upande wa nyumbani yalisemwa na Kasiva. Hakuna aliyemkataza Bartholomew kusema, ila hakuna aliyemwuliza. Sahani ilimfikia baada ya vijana wa hema.

Ndunge alimkuta mama yake jikoni akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Ulisema mbele ya watu wote," Ndunge alisema. "Sasa nitaingia kwa hao watu nikiwa mtoto wa nani?"

"Wangu," alisema Katunge.

Ndunge hakumshukuru. Alilia, tena kwa hasira, na Katunge alimwacha alie, akasugua sufuria ile mpaka mtoto alipoichukua mkononi mwake akaisuuza. Nami simlaumu Ndunge. Mama alikuwa amemnunulia ndoa kwa heshima ambayo ilikuwa ya wote wawili.

Wageni waliondoka na kiwingu cha mvua juu ya vilima, na vijana wakalirudisha kochi sebuleni kabla halijaloa. Bartholomew alichukua koti lake. Kasiva, aliyekuwa akifunga nyama yake kwenye mfuko, hakumtazama. Alisema tu kwamba leo ng'ombe wa Konza watalala wenyewe, kisha akaenda zake bila kuaga.

Bartholomew alilirudisha koti. Mvua ikaanza. Jioni ilipoingia aliinuka, akaenda chumbani, na ndipo, siku nzima imepita, akakiona chumba chake kwa mara ya kwanza. Alisimama humo muda mrefu kuliko ulivyohitajika kutazama sakafu. Kisha akaja kwenye mlango wa Ndunge, uliokuwa umefungwa, akagonga kwa kidole kimoja.

"Mama Ndunge. Mimi nitalala wapi?"

Ndani, Katunge alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kidogo cha binti yake, mikono mapajani, bado anasikia sauti ile iliyozungumza na ukuta na bado haamini kwamba ilitoka kwake. Ndunge alikuwa amelala nyuma yake, uso ukutani, hajalala.

"Dada yako ameonyesha watu kitanda yako," Katunge alisema. "Si uliiona?"

Zilisikika hatua zikienda sebuleni, zikasimama. Kochi lilikuwa fupi. Kupitia mlangoni aliisikia mipira ya tairi ikilia Bartholomew alipojilaza upande huu, ikalia tena alipogeukia upande ule, na kila mara viatu vyake viligonga mkono wa mbao. Mpira wa katikati ulilia zaidi ya mingine. Katunge hakuwa ameukaza vizuri. Jumatatu, kabla ya kurudisha mashine ya stepo kwa Rahmo, angeukaza.